Anayedaiwa Ndiye wa Kutamka

Katika steshenari yoyote ya Kanyenye, kata ya Manispaa ya Tabora, kompyuta ya dukani ina faili la mkataba wa mauziano ya kiwanja. Faili hilo halikuandikwa kwa ajili ya kiwanja chochote. Linaanza na "Mimi", zikafuata nukta. Kisha "nimemuuzia", nukta tena. Chini yake mipaka, kaskazini amepakana na nani, kusini na nani, mashariki, magharibi. Halafu bei kwa tarakimu na kwa maneno, mashahidi wa muuzaji, mashahidi wa mnunuzi, na nafasi ya muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenye duka hujaza majina, huchapa nakala, hupokea hela yake. Hakuna anayelalamika kwamba maneno hayo hayo yamekwisha kutumiwa na watu wengine wengi, wala hapana sababu ya kulalamika. Lakini karatasi ile, hata ikiwa na kila mstari mahali pake, haiuzi hata hatua moja ya ardhi mpaka mtu mmoja, mwenye jina na dole gumba, akubali kwamba yeye ndiye huyo "mimi". Hapo ndipo linapoanzia swali ninalotaka kulifuata: neno lililoandaliwa kabla hajapatikana wa kulisema, linakuwa kweli lini, na kwa nguvu ya nani?

Swali hili la zamani limewarudia kwa sura mpya watu wanaoandika programu za kompyuta. Mtu anapotengeneza kifurushi cha programu ili wengine wakitumie, huandika vitu viwili. Kwanza msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta inayatekeleza. Pili nyaraka: kurasa zinazomweleza binadamu mwingine kila kipande kinafanya nini, kinataka kupewa nini, kinarudisha nini na kinashindwa wapi. Kazi hii ya pili inachosha, nayo huja mwishoni, wakati mwandishi amekwisha kuiona programu yake ikienda na moyo umekwisha kuhamia kwingine. Ndiyo maana zikabuniwa zana za kuziandaa kurasa hizo. Tuchukue lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo leo inatumiwa na watafiti wa afya, kilimo na uchumi katika vyuo na taasisi zetu. Ndani yake mna amri iitwayo prompt. Ukiipa jina la fanksheni uliyoiandika, inakutolea faili la waraka lenye vichwa vyote: jina, maelezo, namna ya kuiita, vipengele inavyopokea, thamani inayorudishwa, mwandishi, mifano. Jina imelijaza yenyewe, maana limo katika msimbo. Orodha ya vipengele imeijaza vilevile. Penye maelezo inaacha agizo lililozungushiwa viwimbi, yaani alama ya ~, likimtaka mwandishi aseme kwa mistari 1 hadi 5 fanksheni inafanya nini. Na penye mifano, kwa kuwa haina mfano wowote, inanakili msimbo wa fanksheni yenyewe na kuuweka pale.

Hapo penye mifano pana mafunzo makubwa. Chombo kimetakiwa kionyeshe jinsi kitu kinavyotumika, nacho kikatoa kitu chenyewe. Ameitwa shahidi, akajibu mshitakiwa. Sisemi hivyo kuilaumu amri ya prompt, maana imefanya uaminifu wote unaowezekana kwa chombo: yale inayoyajua imeyaandika, na yale isiyoyajua imeyaacha wazi, na viwimbi juu yake ili kila mtu aone kwamba hapa bado hajasema mtu. Tatizo huanza baadaye. CRAN, hazina kuu ya vifurushi vya R iliyoanza mwaka 1997, haikipokei kifurushi mpaka kipite katika ukaguzi, na ukaguzi huo huuliza, pamoja na mengine, kama kila fanksheni iliyotolewa kwa umma ina ukurasa wake, na kama vipengele vilivyotajwa kwenye ukurasa vinalingana na vilivyo kwenye msimbo. Ni ukaguzi mzuri. Ila unaweza kupima tu kama ukurasa upo na kama majina yanalingana. Hauna njia ya kupima kama yaliyosemwa ni kweli. Basi mwandishi aliyechoka hufuta viwimbi, huandika kwamba fanksheni ya kukokotoa wastani inakokotoa wastani, na ukaguzi unampitisha. Ukurasa umekamilika na hakuna aliyesema neno.

Nchi ya Unyanyembe, ambamo Tabora imo, imewahi kuishi kwa karatasi za mfumo huu huu, tena katika mambo mazito kuliko wastani wa hesabu. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, waliwakuta wafanyabiashara kama Snay bin Amir, aliyetoka Omani, wamejenga matembe na kufungua maghala. Bidhaa zilizokuwa ndani, vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, masango, nyingi zilikuwa zimechukuliwa kwa mkopo Unguja, zilipwe kwa pembe za ndovu msafara utakaporejea. Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, alikuwa na baba yake hapa Tabora, Muhammed bin Juma, aliyemwoa Karunde binti wa Mtemi Fundikira. Naye Tippu Tip mwenyewe alisafiri kwa mali ya Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Kati ya mwenye mali aliyekaa Forodhani na mwenye deni aliyekuwa ng'ambo ya mto Malagarasi, kilichobaki kuwaunganisha kilikuwa waraka. Wanahistoria Fahad Bishara na Thomas McDow, katika vitabu vilivyotoka 2017 na 2018, wamezisoma nyaraka hizo za Bahari ya Hindi kwa wingi na kuonyesha jinsi zilivyoshika mtindo mmoja: fulani bin fulani amekiri kwamba anadaiwa na fulani kiasi hiki, muda wake huu, na mali yake hii imewekwa dhamana. Kilichobadilika kutoka waraka mmoja hadi mwingine ni majina, kiasi, muda na dhamana. Kiunzi kilikuwa kimoja.

Wala kiunzi hicho hakikubuniwa na makarani wa Unguja. Mafakihi wa Kiislamu walikuwa na elimu nzima ya kuandika mifano ya hati, na Abu Jaafar at-Tahawi, fakihi wa Misri aliyefariki mwaka 933, ni mmoja wa waliotunga vitabu vyake. Karani aliyefungua kitabu cha namna hiyo alikuta hati ya mauziano, hati ya ukodishaji, hati ya wakfu, zote zimekwisha kupangwa maneno ili asisahau sharti lolote na ili mgomvi asipate mwanya. Kwa hiyo yeyote anayedhani kwamba kiolezo ni uvivu wa zama za kompyuta, au kwamba neno la kweli sharti litungwe upya kila mara, atakuwa amewahukumu vibaya watu waliotumia akili nyingi sana kuwaepusha wengine na dhuluma. Kiolezo kizuri ni hekima ya waliogombana zamani, iliyowekwa akiba kwa ajili ya wasiotaka kugombana kesho. Hata hivyo mafakihi hao hao, walioandika violezo kwa uangalifu wote huo, wengi wao hawakukubali karatasi peke yake kuwa ushahidi mbele ya kadhi. Karatasi ilikumbusha. Aliyethibitisha alikuwa mtu, aliyesimama akasema kwamba alikuwapo na alisikia.

Chanzo cha fikra hiyo kimo katika aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Kurani, na mada yake ni kuandika deni. Inaamuru deni la muda maalumu liandikwe, dogo kwa kubwa, watu wasichoke kuliandika. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae. Inataka mashahidi. Halafu inatoa sharti moja ambalo ndilo nguzo ya hoja yangu: anayemtamkia mwandishi maneno ya kuandika ni yule mwenye haki juu yake, yaani anayedaiwa. Kwa mawazo ya haraka mtu angetarajia kinyume chake, kwamba mkopeshaji, ambaye mali ni yake na hasara ni yake, ndiye aseme anadai nini. Kurani inampa ulimi yule atakayebanwa na maneno yenyewe. Wafasiri wameieleza hekima yake kwa njia iliyo wazi: kauli ya mtu dhidi ya nafsi yake ndiyo inayomfunga, na anayejua mzigo aliobeba ndiye anayefaa kuutaja uzito wake. Na kama anayedaiwa hawezi kutamka, kwa udogo wa akili au udhaifu, aya haisemi karani ajaze anavyofikiri. Inasema mlezi wake atamke badala yake, kwa uadilifu.

Sasa tuurudishe mwanga huo kwenye kifurushi cha programu. Nani anadaiwa pale? Mwandishi wake. Amewaita watu wasiomjua waweke kazi yao mikononi mwa kitu alichokitengeneza, nao hawawezi kukiona kwa ndani, wengine kwa kukosa ujuzi, wengine kwa kukosa muda. Ofisa takwimu wa halmashauri anayetumia kifurushi kuchambua takwimu za malaria hana namna ya kujua kama nafasi zilizoachwa wazi katika jedwali lake zimehesabiwa kuwa sifuri au zimerukwa, isipokuwa aambiwe. Tofauti hiyo ndogo inaweza kuamua kituo gani kionekane kina wagonjwa wachache, na dawa zipelekwe wapi. Ukurasa wa nyaraka ndipo mahali ambapo mwandishi anakiri: nimefanya hivi, sikufanya vile, na nikionekana nimefanya vingine, kosa ni langu. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alitenganisha maneno yanayoeleza jambo na maneno ambayo kuyasema kwenyewe ni kufanya jambo, kama kuahidi, kuoa, kuusia. Tumezoea kuziweka nyaraka za programu katika kundi la kwanza, tukadhani ni maelezo tu, kama ramani ya mji. Mimi naona mahali pake ni katika kundi la pili. Ni ahadi, na ahadi haina maana bila mwenye kuahidi.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa waandishi wa programu wenyewe, tena waliobobea. Wanasema msimbo ndio ukweli. Kurasa zinazoandikwa na binadamu huchakaa, mwandishi hubadilisha fanksheni na kusahau kubadilisha maelezo, na baada ya mwaka mmoja ukurasa unasema uongo. Waraka uliozalishwa moja kwa moja kutoka kwenye msimbo, wanasema, hauwezi kudanganya, kwa kuwa kila unachosema kimetoka kwenye chanzo. Hoja ina uzito, na sehemu yake moja ni sahihi kabisa: majina ya vipengele na aina zake yazalishwe na mashine, maana hapo binadamu ataleta makosa tu. Lakini tazama kinachotokea tukiikubali hoja yote. Ikiwa waraka ni kivuli cha msimbo, basi lolote litakalofanywa na programu litakuwa limeandikwa, na lililoandikwa litakuwa sahihi. Hitilafu haitakuwapo tena duniani, si kwa sababu imeondolewa, bali kwa sababu hatuna cha kuipimia. Hitilafu ni tofauti kati ya kilichotokea na kilichoahidiwa. Futa ahadi, na tofauti imefutika. Waraka wa mwenye msafara haukuandika pembe ngapi zimefika pwani. Uliandika ngapi zilitakiwa zifike, na ni kwa sababu hiyo tu ndipo mtu aliweza kusema zimepungua. Kwamba maelezo ya binadamu hukosana na msimbo, hilo halinivunji moyo. Kukosana huko ndiko kunakotushtua kwamba mojawapo kati ya kauli mbili imekwenda kombo, na kwamba mtu fulani anapaswa kuitwa ajibu.

Wengine watasema nimetumia neno deni mahali pasipo na deni. Programu huria hutolewa bure. Aliyeichukua hakulipa senti. Na leseni zake karibu zote zinatangaza kwamba kitu kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana yoyote. Atadaiwaje aliyetoa zawadi? Nakubali kwamba hadaiwi fidia, na leseni ina haki ya kumkinga mtu wa kujitolea asifilisiwe na kesi. Lakini kukwepa fidia na kukwepa ukweli ni mambo mawili. Hadithi mashuhuri katika Sahihi Muslim inasimulia Mtume akipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka kwa nini hakuweka zilizolowa juu watu wazione. Swali lile halikuhusu bei. Lilihusu mahali palipowekwa kasoro: chini, au juu penye macho ya watu. Nafaka hiyo ingegawiwa sadaka, aliyeipokea bado angekuwa na haki ya kujua imelowa, pengine zaidi, maana maskini anayepewa hana pa kurudisha. Mwenye kugawa bure anastahili shukrani. Shukrani hiyo haimpi ruhusa ya kuweka nafaka kavu juu ya zilizolowa, na ukurasa uliojazwa ili ukaguzi upite ni nafaka kavu za juu.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la miaka hii ya karibuni. Akili mnemba sasa inaweza kusoma msimbo na kuandika ukurasa mzima wa maelezo, kwa lugha nzuri, pamoja na mifano inayokubali kuendeshwa, na mara nyingi kwa ubora unaomzidi mwandishi aliyechoka. Kuna anayeuliza, kama maelezo ni sahihi na yanaeleweka, yana kasoro gani kwa kutamkwa na mashine? Hapa ndipo mgawanyo wa kazi katika ile aya ya deni unapotusaidia kuliko nadharia nyingi za kisasa. Aya haikudai kwamba anayedaiwa ajue kuandika. Watu wengi waliokopa Unguja wakaja Unyanyembe huenda hawakuweza kuandika hati ya kisheria, na deni lao lilikuwa halali kwa sababu karani alikuwapo. Basi mashine na iwe karani. Ipewe kalamu, ipange sentensi, isahihishe sarufi, ihakikishe hakuna kichwa kilichosahaulika. Kitu ambacho haiwezi kuwa ni mkiri, kwa kuwa kukiri ni kujiweka mahali pa kulaumiwa, na mashine haina mahali hapo. Ikikosea, kesho itaandika kinyume chake kwa utulivu ule ule, na hakuna uso utakaoona haya.

Wala haitoshi kusema kwamba maelezo yake mara nyingi ni sahihi. Mashine inayosoma msimbo inaona kilichofanywa, na kwa kilichokusudiwa inakisia. Ikiona fanksheni inayotupa safu zote zenye tarehe za kabla ya 1970, itaandika kwa ufasaha kwamba fanksheni huondoa tarehe za zamani, nayo kwa kweli ilikuwa bahati mbaya ya mwandishi, kosa ambalo sasa limevishwa kanzu ya uamuzi. Kiolezo chenye viwimbi kilikuwa kinasema wazi kwamba bado hajasema mtu. Kiolezo kilichojazwa na mashine bila mwandishi kukisoma kinasema kwamba mtu amesema, hali hakuna aliyesema. Katika hesabu ya Wakatoliki, ambao seminari yao ya Kipalapala na kiwanda chao cha uchapaji vimeufanya mji huu ujulikane na wasomaji wa Kiswahili nchi nzima, amri ya nane inakataza ushahidi wa uongo. Na teolojia yao haijawahi kuuwekea mpaka ushahidi huo katika maneno yasiyolingana na mambo. Mtu akisimama kizimbani aeleze kwa usahihi ajali ambayo hakuiona, ameshuhudia uongo, hata kama gari lilikuwa jekundu kama alivyosema. Uongo umo katika kujifanya alikuwapo. Kwa hiyo kilicho haramu, kwa maoni yangu, si mashine kuandika. Ni mwandishi kuweka jina lake chini ya maneno ambayo hakuyapitisha moyoni mwake, na kumfanya msomaji aamini kwamba yupo aliyekuwapo.

Hoja yangu yenyewe ina udhaifu mmoja, nao unatoka katika historia ile ile niliyoitumia. Nyaraka za mikopo ya misafara zilikuwa na mkiri, zilikuwa na mashahidi, ziliandikwa kwa uadilifu wa kikarani, na miongoni mwa biashara zilizozigharimia ilikuwamo biashara ya watumwa. Pagazi wa Kinyamwezi aliyebeba frasila mbili begani kutoka hapa hadi Bagamoyo hakuwa na mstari katika waraka. Aliyefungwa mnyororo hakuwa na mstari, au alikuwa nao kama mali, pamoja na shamba na nyumba. Ukweli wote uliotakiwa ulisemwa, na wote ulikuwa kati ya watu wawili. Hii ina maana kwamba kukiri kwa uaminifu hakutoshi ikiwa kiolezo hakikuuliza la kukirishwa. Vichwa vya waraka ni maswali, na aliyepanga maswali amekwisha kuamua nani ana haki ya kujibiwa. Kiolezo cha R kinauliza thamani inayorudishwa na mifano. Hakiulizi programu hii ilijaribiwa kwa takwimu za watu gani, wala nani ataumia ikikosea.

Udhaifu huo hauiangushi hoja. Unaonyesha tu mahali kazi ya kiolezo inapokuwa tukufu kweli. Mwaka 2018 Timnit Gebru, mtafiti aliyezaliwa Addis Ababa, pamoja na wenzake, walipendekeza kwamba kila mkusanyiko wa data unaotumiwa kufundisha mashine uambatane na hati yenye maswali maalumu: ulikusanywa kwa nini, na nani, watu waliomo waliombwa ridhaa au la, nani hayumo, na usitumike kwa shughuli gani. Hicho ni kiolezo, nacho hakimpunguzii mwandishi kazi hata kidogo. Kinamwongezea, kwa sababu kinamsimamisha mbele ya maswali ambayo asingejiuliza. Hapa kwetu wauguzi wanaijua hali hiyo kwa vitabu vya MTUHA, vya takwimu za afya, vilivyoingia vituoni miaka ya 1990 na ambavyo jumla zake sasa huingizwa katika mfumo wa DHIS2, uliojengwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oslo na vyuo vya nchi nyingi, kikiwamo cha Dar es Salaam. Safu za kitabu hicho zinachosha, na kuna siku zinajazwa jioni kwa kumbukumbu. Lakini siku safu inapoongezwa ya kuuliza jambo ambalo halikuwa likiulizwa, watu waliokuwa hawahesabiwi huanza kuhesabiwa. Muuguzi anayeweka alama pale kwa mkono wake amekiri jambo, na sahihi ya mkuu wa kituo chini ya ripoti ya mwezi inamweka mtu mahali pa kujibu. Kiolezo kiulize, binadamu ajibu. Ugonjwa ni pale kiolezo kinapouliza na kujijibu.

Linabaki swali la mwandishi ambaye kwa kweli hana muda. Yupo peke yake, ametengeneza kifurushi usiku baada ya kazi nyingine, watu wanakihitaji leo, na kurasa sabini hawezi kuziandika kwa moyo wote. Aya inayofuata ile ya deni, ya 283, inazungumza na watu wa aina yake, nayo ni aya ambayo kila mwenye msafara wa njia ya kati angeweza kuhisi imeteremshwa kwa ajili yake: mkiwa safarini na hamkupata mwandishi, basi iwe rahani inayokabidhiwa mkononi. Sheria haikudai kisichowezekana, wala haikuachilia hewani. Penye upungufu wa maneno, toa kitu kinachoshikika. Kwa mwandishi wa programu rahani hiyo ipo: majaribio yanayoendeshwa na mtu yeyote kwenye kompyuta yake, yakiwa na data ndogo na jibu linalotarajiwa, ili mtumiaji asiyekuwa na maelezo awe na kitu cha kushika. Kurasa tano alizoziandika mwenyewe na majaribio ishirini yanayopita yana uaminifu kuliko kurasa sabini zilizojazwa zenyewe. Na zile sitini na tano zilizobaki aziache na viwimbi vyake, zionekane kuwa wazi.

Aya hiyo ya rahani haiishii hapo. Inawataka walioaminiana warudishe amana, kisha inakataza kuficha ushahidi, na inasema dhambi ya anayeuficha imo moyoni mwake. Nadhani moyo umetajwa kwa sababu hakuna ukaguzi unaofika huko. Hakuna chombo kitakachogundua kwamba mwandishi alijua kuhusu zile tarehe za kabla ya 1970, akaona aibu kuzitaja, akaacha ukurasa wenye sura nzuri uzungumze badala yake. Yeye anajua. Na kinachotakiwa kwake ni sentensi moja chini ya kichwa cha maelezo, ambayo hakuna kiolezo kitakachomwandikia: fanksheni hii hutupa safu zenye tarehe za kabla ya mwaka 1970, sikukusudia, sijapata njia ya kurekebisha, mwenye wagonjwa waliozaliwa kabla ya hapo asiitumie.